Nyumba Nilizoziacha Nje ya Ramani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Siku hiyo bibi yangu mzaa mama alisimama mbele ya kijiji kizima, akaitafuta nyumba yake kwa kidole kwenye karatasi niliyoichora mimi, asiione. Sogea hapa, kaa. Hizi mvi unazoziona, naapa za kwanza ziliota siku ile, na nilikuwa binti wa miaka ishirini tu.

Sitakuficha kitu. Wazee wengi wakikaa kuwapa ninyi nasaha hujisimulia jinsi walivyokuwa wema. Mimi nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye mwandiko mzuri, na huyo ndiye mjinga wa kuogopwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, sote tulikuwa watu wa Mbeya. Tunduma ilikuwa inavimba kama andazi kwenye mafuta. Leo unapita kwenye shamba la mahindi la mtu, ukirudi baada ya miezi miwili unakuta vibanda vya biashara, vitenge vinaning'inia, na watu wanavuka mpaka huku na huku na mizigo kichwani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Alama zangu zilikuwa za kusukuma sukuma, ila mwandiko wangu, nakuambia, ungedhani umepigwa chapa. Kwa mwandiko huo nikapata kazi kwa Bwana Kayuni, mpimaji wa kujitegemea aliyekuwa na chumba nyuma ya soko. Alikuwa mtu mrefu, mpole, miguu imejaa makovu ya miiba kwa kutembea maporini. Kazi yangu kwake ilikuwa kunakili ramani.

Siku hizi ramani mnazitazama kwenye simu, mnazikuza kwa vidole viwili. Wakati ule ramani ilikuwa karatasi ngumu, pana, ukiitandaza inafunika meza. Vilima ni mistari ya kahawia, maji ni bluu, msitu ni kijani, na nyumba za watu ni vimraba vyeusi, vidogo kama punje ya ulezi. Zile za Bwana Kayuni zilikuwa za zamani, zimechorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege kabla ya ile operesheni ya kuhamia vijijini. Kwa hiyo zilionyesha nchi ambayo sisi vijana hatukuijua, watu wametawanyika kila bonde, kila mzee na mji wake, kabla hawajapakiwa kwenye malori na kuletwa kando ya barabara.

Kunakili ni hivi. Unaitandaza ramani ya zamani, juu yake unaweka karatasi ya kupitisha mwanga tuliyoiita tresingi, kisha unafuata mistari kwa kalamu ya wino. Unachokipitishia kalamu kinaishi. Usichokipitishia, atakayeitazama ramani yako baadaye hatajua kwamba kilikuwepo. Maneno hayo hakuna aliyeniambia wakati ule, au labda niliambiwa nikiwa nawaza mambo mengine.

Basi kijiji chetu, kile cha mteremkoni unapoiacha Tunduma kushukia bonde la Momba, kikaleta kazi. Mkulima mmoja mkubwa alikuwa ameomba ardhi ya kulima mahindi kwa trekta. Serikali ya kijiji ikakubaliana kwamba penye miji ya watu, iwe mipya au mahame, penye makaburi na penye maji hapaguswi. Palipo pori tupu atapewa. Sasa nani wa kusema wapi ni pori? Ramani.

Bwana Kayuni akaniita. "Eliza, hii ramani ni ya zamani. Humu kuna vilivyokufa na kuna vilivyobaki. Usikisie. Ukikuta nyumba au chemchemi usiyoijua, nenda ukaione kwa macho yako, ndipo uichore au uiache." Akanitafutia mtu wa kunishusha kwa pikipiki mpaka njia inapoishia. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa nusu siku.

Unadhani nilienda? Thubutu! Rafiki yangu alikuwa anaolewa Jumamosi ile, nami nilikuwa nimeshonewa gauni la njano, mabega yamevimba juu kama mtindo wa siku zile. Nikamwambia yule mtu wa pikipiki aende zake. Nikajificha kwa rafiki yangu siku mbili nzima nikipiga pasi gauni. Jumatatu nikaingia ofisini nimejipaka vumbi viatuni. Vumbi, mwanangu! Nililichota barabarani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Bosi, kule chini ni pori. Hakuna kitu." Akaniamini. Mtu mwema huwapima wenzake kwa kibaba chake mwenyewe. Kesho yake akasafiri kikazi, akaniacha nimalizie.

Kwenye ramani ya zamani, mahali ambapo mto ulikunja kama kiwiko, palikuwa na vimraba kumi na tisa upande wa huku na kumi na moja ng'ambo. Upande wa huku palikuwa pia na kidoti cha bluu cha chemchemi. Jina la mahali halikuandikwa, liliandikwa jina la kilima peke yake. Nikaviruka vyote. Kisha juu ya weupe ule, kwa mwandiko wangu nilioringia, nikaandika PORI, herufi zimekaa sawasawa kabisa, hata nikajisifu.

Sasa nikueleze bibi yangu. Aliitwa Bibi Nambeye. Yeye ndiye aliyenilea, maana mama yangu alifariki siku aliyonizaa, huko kwenye mahame yetu, mahali panapoitwa Isonzwe, kabla watu hawajahamishwa. Mimi Isonzwe sikuijua. Nililetwa barabarani nikiwa mgongoni kwa bibi. Kila kiangazi alibeba jembe na ufagio, akashuka huko, akarudi baada ya siku tatu magoti yamejaa udongo. Alikuwa anazibua chemchemi na kufagia makaburi. Na kila mwaka aliniambia, "Mke mwenzangu, twende ukamfagilie mama yako." Kila mwaka nilikuwa na sababu, mara mtihani, mara kichwa, mara nguo nilizofua hazijakauka. Anacheka tu. "Haya. Mama yako hana haraka."

Tena alikuwa na jambo moja la kuchekesha. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini haendi popote bila kitabu chake cha nyimbo kwapani. Kanisani alikifungua kama wenzake, mara nyingine juu chini, chini juu, na nyimbo zote anazo kichwani. Tulimtania mpaka tukachoka.

Ngoja nimalizie upumbavu wangu, maana haukuishia kwenye kalamu. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Dada yangu Melina, binti wa mama mkubwa, alikuwa na watoto wenye madaftari yasiyo na kava, na gazeti kijijini lilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. Mimi nikaitazama ile ramani ya zamani, imechakaa, imechanika pembeni. Nikasema kazi yake imekwisha, mpya si hii hapa? Nikaikunja nikampelekea. Melina alifurahi! Akaikata vipande sita, michoro akaigeuzia ndani, weupe nje ili majina yaandikike, akagandisha kwa ugali. Nami nikatembea kifua mbele, mama mdogo mkarimu wa mjini.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, darasani, wanafunzi hawapo. Watu walijaa mpaka madirishani. Ramani yangu mpya ilikuwa ubaoni. Mbele alikaa mwenyekiti wa kijiji, kando yake msimamizi wa yule mkulima, kalamu imeshafunguliwa. Bwana Kayuni alikuwa amerudi siku hiyo hiyo, amekaa pembeni, ramani hajailinganisha na kitu. Mimi nilivaa lile gauni la njano.

"Kama mnavyoona," mwenyekiti akasema, "upande huu wote, huku na ng'ambo ya mto, ni pori. Kama hakuna swali tuweke sahihi."

Bibi Nambeye akanyoosha mkono. Akaja mbele polepole, kitabu chake kwapani. "Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini nchi naijua. Nionyesheni kilima chetu."

Bwana Kayuni akamwonyesha. Bibi akaweka kidole, akaanza kushuka nacho. "Hapa tunaacha kilima. Hapa tunaukuta mto. Tunaufuata, tunaufuata. Hapa unakunja kiwiko." Kidole kikasimama. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia ubao. Akakisogeza kidole kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayepapasa sindano kwenye mkeka. "Hapa ndipo Isonzwe. Mbona hamna kitu?"

Mungu wangu! Kile kiwiko ndicho Isonzwe? Miaka yote nimelisikia jina, na siku zile zote nimeinama juu ya ile karatasi, sikuwahi hata mara moja kujiuliza Isonzwe iko wapi. Nilikuwa nimekaa na mwangaza wa dirisha, nimetulia, namruka mama yangu kwa kalamu.

"Hapo pameandikwa nini?" bibi akauliza.

"Pori, bibi," akajibu mwenyekiti.

"Nani kaandika?"

Nikasimama. "Mimi, bibi."

"Ulifika?"

Hapo, mwanangu, palikuwa na mlango wazi. Ningesema sikufika, ningeaibika asubuhi moja, basi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini Bwana Kayuni ananitazama, kijiji kinanitazama, gauni linanibana. Nikasema, "Nilifika, bibi. Ni pori tupu."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniuliza kwa sauti ileile ya kuniulizia kama nimekula, "Kama ulifika, mjukuu wangu, kichwani kwa mama yako kuna nini?"

Nikakisia. Mpaka leo sijui ni shetani gani aliniingia ulimini. Nikasema, "Msalaba."

Wanawake walioketi mbele wakashika vinywa. Ukoo wetu, mwanamke akizikwa, huwekewa kichwani jiwe lake la kusagia, lile lile alilosagia ulezi maisha yake yote. Kila mwanamke mle ndani alijua hilo. Aliyekuwa hajui ni mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne.

"Eliza," bibi akasema, na jina langu hakuwa na desturi ya kulitaja, "sisi tulihamishwa kwa lori. Tulilia, tukapiga kelele, lakini kila mtu aliona kwamba tunahamishwa. Wewe umetuhamisha kwa kalamu, kimya kimya, hata mbwa hakubweka. Na mama yako umemhamisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikalia pale pale, mbele za watu, na kamasi juu ya gauni la njano. Nikasema ukweli wote, vumbi la viatuni na lile gauni. Bwana Kayuni alinisikiliza akitazama miguu yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mbele ya ubao wa darasa la nne.

Msimamizi wa mkulima hakuyumba. "Tunamheshimu bibi," akasema, "lakini maneno ni maneno na karatasi ni karatasi. Ramani ni hii hapa. Tuweke sahihi." Kuna waliotikisa vichwa kukubali, maana waliahidiwa vibarua kwenye hilo shamba.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Ramani ya zamani si ipo? Iletwe tuione. Jua likipita utosini na haijaja, tunaweka sahihi."

"Eliza, iko wapi?" akauliza Bwana Kayuni.

Nikasema, "Imekuwa kava za madaftari."

Watu walidhani nimerukwa na akili. Mzee mmoja aliguna, "Loo, tumekwisha." Ndipo Melina akapaza sauti dirishani. "Jamani! Si yako humu humu shuleni? Mwalimu alikusanya madaftari jana asahihishe!" Mwalimu akafungua kabati. Melina akaingia, akayachambua madaftari ya wanawe, akaanza kuzibandua kava taratibu kwa ncha ya kisu, ugali umekauka kama saruji. Kipande kimoja, viwili, vinne. Tukavigeuza upande wenye michoro, tukavipanga sakafuni. Wazee wakapiga magoti, wanaunganisha kilima na kilima, mto na mto.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hicho ndicho hakijanitoka. Watu wazima walikuwa wanaitazama nchi yao na hawaitambui. Ile rangi ya kijani, msitu, ilishuka kutoka kilimani ikafika mpaka pale tulipokuwa tumekaa, pale shuleni, ambapo ukitafuta mti wa kumfunga mbuzi unakosa. Vijito vya bluu vilikuwa vitatu. Sisi tulikijua kimoja. "Hiki kilikuwa wapi?" kijana mmoja akauliza, na baba yake akamjibu kwa sauti ya chini, "Unapolima viazi." Mzee mwingine akafuata msitu kwa kiganja chake chote, akasema, "Huu tumeuchoma mkaa. Tumeupeleka Tunduma gunia kwa gunia, na mimi nilikuwamo." Na Tunduma yenyewe! Barabara moja na vimraba ambavyo ungevihesabu kwa vidole bila kurudia. Mama mmoja alishika kichwa akasema Yesu wangu, Yesu wangu. Tulikuja kumhukumu binti mmoja aliyefuta nyumba, kumbe kila mmoja alikuwa na alichokifuta, kwa shoka, kwa jembe, kwa tanuri la mkaa. Hakuna aliyenitupia jiwe tena, lakini hilo halikunipunguzia kitu.

Vipande viwili havikuwepo. Pale kwenye kiwiko palikuwa na tundu, na ng'ambo ya mto tundu jingine. Mkasi wa Melina ulikuwa umepita sawasawa juu ya mto.

"Kimoja kililowa mvua kwenye mfuko wa mtoto, kikachanika," Melina akasema, anajipiga paja. "Nikawashia moto."

"Na kingine?"

Mwanga wa jua ulioingia mlangoni ulikuwa umeshafupika, adhuhuri imekaribia. Melina akafumba macho kufikiri. Akayafumbua ghafla, akamtazama bibi. "Bibi! Kitabu chako! Si kilitoka jalada, nikakikavia?"

Bibi Nambeye akakitoa kwapani. Kilikuwa kimevaa kava jeupe, safi, halina hata alama. Akalivua mwenyewe, na ndani yake mkakunjuka mistari ya kahawia na ya bluu.

"Kwa hiyo Isonzwe nimekuwa naenda nayo kanisani?" akauliza.

Watu wakacheka huku wanalia. Akapiga magoti, akalipachika kwenye tundu, na mto ukaungana na mto. Kiwiko kikatokea. Chemchemi ikatokea. Vimraba kumi na tisa vikatokea, na bibi ambaye hajui alifu wala be akaanza kuvisoma kimoja kimoja kwa majina ya wenyewe, huyu fulani, huyu mkwewe, huyu alikuwa na mbwa mkali, na kila akitaja jina mtu mle darasani anaitika, "Babu!" "Shangazi!" Mwisho akanishika mkono, akaweka kidole changu juu ya kimraba cha pembeni. "Hapa ulizaliwa."

Msimamizi akafunika kalamu. Mwenyekiti akasema upande wa Isonzwe hauguswi, na haukuguswa.

Ningependa, mwanangu, kuishia hapo. Ningekuwa mwongo tena. Palikuwa na upande wa ng'ambo, vile vimraba kumi na moja ambavyo kipande chake kiliwashiwa moto. Watu wake walikuwa wametawanyika, wengine Saza kwenye dhahabu, wengine Galula, wengine Zambia. Hakuna hata mmoja aliyekuwemo darasani, na bibi miji ya ng'ambo hakuijua. Nikasimama nikasema, "Na ng'ambo kulikuwa na nyumba. Nilizihesabu, kumi na moja." Msimamizi akaniuliza, "Ziko wapi? Onyesha." Nikatazama lile tundu. Sikuweza. Na hata ningeweza, nani angeniamini saa ile? Nilikuwa nimeshasema nimefika na sikufika. Wakaweka sahihi upande huo. Trekta likaingia msimu uliofuata.

Kesho yake bibi alinipeleka Isonzwe kwa miguu. Chemchemi ilikuwa hai, maji baridi ya kuuma meno, maana yule mwanamke aliizibua kila mwaka peke yake. Na jiwe la mama lilikuwa pale, limelika katikati kwa kusagia, mahali pamefagiliwa. Nikaweka kiganja kwenye lile shimo la jiwe. Liliingia sawasawa. Bibi akanipa ufagio, akaenda kukaa kando.

Bwana Kayuni hakunifukuza. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo sitachora hata kichuguu nisichokiona. Nimefanya kazi hiyo mpaka uzeeni, watu wakaniita Mama Ramani. Tazama miguu yangu. Makovu haya ni ya mabonde ya Momba na vilima vya Ileje, na kila moja nimelifurahia.

Lakini miaka michache iliyopita alikuja mtu hapa kwangu kwa bodaboda kutoka Galula. Mzee mwenzangu, mvi tupu, kofia mkononi. Akanisalimu kwa adabu, akasema, "Dada, nimeambiwa wewe ndiye unayezijua ramani za zamani. Tulihamishwa nikiwa mtoto. Baba na mama walibaki kule ng'ambo ya kiwiko. Nilienda, nimekuta mahindi mpaka macho yanapoishia. Nionyeshe tu walikuwa wapi, nikaweke hata ua."

Nikamkaribisha, nikampikia chai. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe, na kwamba nakala nyingine ya ramani ile sikuipata kamwe. Alipomaliza chai akaniuliza mara ya pili, taratibu, labda alidhani uzee umenisahaulisha, "Hata kwa kukisia, dada?"

Nikamwambia, "Kukisia ndiko kulikokupotezea baba yako." Akavaa kofia, akaaga, akapanda pikipiki. Sikumsikia tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kalamu, usiandike mahali ambapo miguu yako haijafika. Ukiulizwa kama ulifika na hukufika, sema sikufika, useme upesi, kabla gauni halijakubana. Kitu cha zamani kikionekana chakavu, muulize mwenye umri kabla hujakikatia kava. Bibi yako akikuambia twende, nenda. Maana ulichokiacha kwa uvivu utaikumbuka idadi yake, kumi na moja, mahali pake usipakumbuke, na mwenyewe siku moja atakuja na kofia mkononi kukuuliza.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kufika. Ulimi wako usikuvue nguo mbele za watu. Na siku ukirudi kwenu, ukute palipofagiliwa, na mtu wa kukuambia ni hapa.